Bonde la Lambwe na Nyasi za Korongo

Mtu wa Awasi aliyezaliwa katika uwanda wa Kano hana haja ya kufundishwa faida ya nyasi. Nyasi huezekea nyumba, hulisha ng'ombe, tena huushika udongo usichukuliwe na maji mvua inyeshapo kwa nguvu. Lakini wachache hufikiri kwamba nyasi zenyewe zaweza kulindwa kwa sheria kama msitu ulindwavyo. Katika Nyanza pana mahali pa namna hiyo, napo ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, iliyo katika bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay.

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Awasi msafiri hushika barabara kuu iendayo Kisumu mpaka Ahero, kisha huelekea kusini kwa njia ya Kisii. Afikapo Katito hugeuka kulia na kufuata barabara ya Kendu Bay. Huko huona maji ya Ziwa Victoria upande wa kaskazini, na karibu na Kendu Bay lipo ziwa dogo la Simbi, ambalo maji yake ni ya magadi. Akiisha kuupita Mlima Homa hufika mji wa Homa Bay. Toka hapo hupita Rodi Kopany na Mirogi, katikati ya mashamba ya mahindi na mtama, hata aone bonde limelala chini ya ukuta wa Kanyamwa.

Udongo wa bondeni ni mweusi na wenye kunata, kama ule wa Kano. Wakati wa masika magari hukwama. Kwa hiyo yafaa kwenda wakati wa kiangazi, na kwanza kuwauliza watu wa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya juu ya kiingilio na hali ya barabara.

KWA NINI BONDE HALIKULIMWA

Mgeni hushangaa kuona nchi pana yenye rutuba isiyo na nyumba, hali mashamba yamebanana pande zote. Sababu yake ni mdudu mdogo, yaani mbung'o. Mbung'o huwatia ng'ombe ugonjwa wa nagana, na huwatia watu ugonjwa wa malale. Mwaka 1958 wataalamu waligundua vijidudu vya malale katika damu ya pongo aliyepatikana Nyanza, na hivyo ikajulikana hakika kwamba mnyama wa mwitu aweza kuuchukua ugonjwa huo naye mwenyewe asionekane mgonjwa. Kwa miaka mingi wafugaji waliliogopa bonde hili, na wanyama wakabaki humo. Mwaka 1966 lilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likapandishwa cheo kuwa mbuga ya taifa. Eneo lake ni kilometa za mraba 120.

Vita juu ya mbung'o vimezaa matunda. Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa nchini Kenya aliandikwa mwaka 2009, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tishio tena kwa afya ya watu wa Kenya. Lakini mbung'o hawajakwisha. Mgeni ataona vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vimetundikwa vichakani. Hiyo ni mitego, kwa maana rangi hizo humvuta mbung'o, naye akitua hukuta dawa ya kumwua. Basi mgeni mwenye busara havai nguo za buluu wala nyeusi.

MNYAMA ASIYEPATIKANA PENGINE

Katika Ruma wapo twiga, nyati, pundamilia, kongoni, nyamera, tohe na taya, hata vifaru walioletwa upya. Lakini mwenye heshima kubwa kuliko wote ni korongo. Neno hili lisimchanganye msomaji: si yule ndege mwenye miguu mirefu, bali ni mnyama wa jamii ya palahala, mkubwa kama farasi. Uso wake una madoa meusi na meupe kama aliyevaa kinyago, masikio yake ni marefu, na pembe zake zimepinda kuelekea nyuma. Dume na jike wote wana pembe.

Korongo wapo katika nchi nyingine za Afrika, lakini katika Kenya nzima wamebaki Ruma tu. Hesabu ya wanyama iliyofanywa mwaka 2021 iliwakuta 15 peke yao. Kundi dogo namna hiyo lina hatari nyingi. Ugonjwa mmoja, au mitego michache ya waya iliyotegwa na wawindaji haramu, yaweza kulimaliza. Tena ndugu huzaana na ndugu, na uzao hudhoofika.

Korongo hapendi vichaka, wala hapendi uwanja uliolishwa ukawa mfupi. Jike akizaa humficha ndama katika nyasi ndefu kwa majuma kadhaa, akimjia kumnyonyesha tu. Nyasi zikikosekana, fisi na chui humpata kwa urahisi. Yuko na ndege mmoja mwenye haja kama hiyo: mbayuwayu wa buluu, azaliwaye nchi za kusini ndani ya mashimo ardhini, kama yale yachimbwayo na muhanga. Kila mwaka kiasi cha Aprili huja kukaa katika nyasi za Ruma, na kiasi cha Septemba hurudi.

FAIDA YA JIRANI

Wako waulizao, “Wanyama hawa wamfaa nini mkulima wa Lambwe?” Swali hili si la kudharauliwa, kwa kuwa mnyama akitoka mbugani huharibu shamba, na mbung'o akitoka huua ng'ombe. Lakini itazamwe tabia ya mbung'o: hukaa katika kivuli cha vichaka, hana raha katika uwanda wazi. Vichaka vikiachwa kuzimeza nyasi, korongo hukosa mahali pa kumfichia ndama wake, na mbung'o hupata nyumba mpya. Vikizuiwa, kwa kukatwa na kwa moto uwashwao kwa mpango na kwa wakati wake, mnyama wa mbugani na ng'ombe wa jirani hupata nafuu pamoja. Moto wa ovyo, uwashwao na mpita njia au mwindaji, hauna faida hiyo. Huteketeza maficho ya ndama wote kwa siku moja.

Basi aendaye Ruma asitazame pembe tu. Azitazame na nyasi, aangalie mahali kichaka kinapoanza, na awaulize walinzi wanakizuiaje. Asitupe kipande cha sigara, wala asishuke garini bila ruhusa.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini mbung'o, aliye adui wa mfugaji, alikuwa mlinzi wa wanyama wa Lambwe?
2. Moto wa mpango na moto wa ovyo hutofautianaje?
3. Katika kijiji chako ni mahali gani ambapo vichaka vimezimeza nyasi, na ni nani aliyepata hasara?