Si Magharibi Peke Yake: Utumwa wa Atlantiki na Pwani ya Mashariki

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno utumwa hukumbuka Bagamoyo na soko la Mkunazini, Unguja. Atlantiki huwaachia watu wa Ghana na Senegali. Haya ni maswali ninayoulizwa mara nyingi, na majibu yake yanaanzia karibu na kwetu.

Je, watu wa upande huu walivushwa kweli hadi Amerika?

Ndiyo, tena wengi. Kati ya watu takriban milioni 12.5 waliopakiwa merikebuni, zaidi ya 500,000 walitoka Msumbiji, Madagaska na pwani za jirani. Wamakua walikuwa wengi miongoni mwao. Kilwa nayo haikukaa pembeni: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa huko auziwe watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Kufikia miaka ya 1780, merikebu za Kifaransa zilikuwa zikichukua mateka wa pwani hii hadi Saint-Domingue, Haiti ya leo.

Safari yenyewe ilikuwaje?

Tazama merikebu ya Kireno, São José. Ilitoka Lisbon mwaka 1794 na vipande vya chuma vipatavyo 1,400 vya farumi, maana shehena iliyokusudiwa ilikuwa binadamu, na uzito wao hautoshi kuituliza merikebu baharini. Katika Kisiwa cha Msumbiji ilipakia watu zaidi ya 500 wa kupelekwa Maranhão, Brazili. Usiku wa tarehe 27 Desemba iligonga mwamba karibu na Cape Town. Nahodha na mabaharia wake waliokoka. Mateka zaidi ya 200 walikufa maji. Waliofika ufukweni hai waliuzwa hapo hapo Cape baada ya siku chache. Tunajua haya kwa sababu nahodha alieleza hasara yake mbele ya maofisa. Mateka hakuna aliyewauliza lolote.

Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Mbona biashara ilizidi huku?

Sheria ile iliwabana Waingereza. Manowari zao zilianza doria Afrika Magharibi, na mwaka 1815 Ureno ikakubali kuacha kununua watu kaskazini mwa Ikweta. Msumbiji iko kusini. Wafanyabiashara wa Rio de Janeiro, waliohitaji watu wa mashamba ya miwa na kahawa, waligeuza merikebu zao wakaja Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, ingawa safari ilikuwa ndefu na vifo vingi zaidi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya shule huishia 1807, kana kwamba mlango ulifungwa. Kwa Wamakua, balaa ndiyo kwanza lilikuwa linapamba moto. Brazili ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji mwaka 1831 lakini haikuisimamia. Iliuzuia kikweli kuanzia 1850, manowari za Kiingereza zilipoingia hadi ndani ya bandari zake.

Na Zanzibar?

Mwaka 1822 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alikubaliana na Waingereza kutowauzia Wakristo watumwa. Soko la Wafaransa likafifia, na watu wakapelekwa kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria visiwani 1897, na katika pwani ya Kenya 1907.

Nani aliukomesha utumwa, na nani alilipwa?

Wabunge wa Uingereza kama Wilberforce walifanya kazi kubwa, lakini waliotangulia kuvunja minyororo ni watumwa wenyewe. Saint-Domingue waliinuka Agosti 1791, na mwaka 1804 wakawa na nchi yao. Jamaica waliinuka Krismasi ya 1831 wakiongozwa na Sam Sharpe, aliyenyongwa. London ikapitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833. Kwa sheria hiyo, serikali iliwatengea wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti, na wengi walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale hadi 1838. Hesabu hiyo siwezi kuiita haki. Brazili, iliyokuwa ya mwisho Amerika nzima, iliwaacha huru watu wake mwaka 1888 bila kuwagawia ardhi.