Seremala aliyeajiriwa: vifaa vyako na kodi yako

Swali: Nimeajiriwa useremala hapa London. Misumeno, randa na patasi natunza kwa pesa yangu. Je, nitapata nafuu ya kodi?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu, ni haki yako, mradi ulilipa kodi mwaka huo na mwajiri hakukurudishia gharama.

Zipo njia mbili, nawe uchague moja. Ya kwanza ni kiwango maalumu, ambacho kwa seremala ni pauni 140 kwa mwaka, bila kuonyesha risiti. Hupewi pauni 140 zenyewe, bali kodi iliyokatwa juu yake: ukikatwa asilimia 20, ni pauni 28. Ya pili ni gharama halisi ya kutengeneza vifaa au kununua vingine badala ya vilivyochakaa, na hapo risiti ni lazima. Vifaa vidogo ulivyoanzia kazi havihesabiwi.

Unaweza kudai hadi miaka 4 ya kodi iliyopita. Tuma madai mwenyewe kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza; ni bure. Mawakala hukata sehemu ya pesa yako kwa kazi unayoiweza, na jasho ni lako.