Kabla Hajasoma, Ajue ni Muziki Gani: Namna ya Kusanifu Jarida la Muziki la Wanafunzi

Kanga ikiwa imekunjwa dukani, pindo tu limejitokeza, mnunuzi haulizi ni kitambaa gani. Anajua ni kanga. Anachouliza ni jina: imeandikwa nini? Pindo, mji na jina hukaa mahali pake siku zote, na kwa kuwa havihami, jicho la mnunuzi haliangaiki. Kinachobadilika ni maua, rangi na maneno.

Jarida la muziki nalo lina sehemu ambazo msomaji anazitarajia, na lina vazi ambalo kila aina ya muziki imezoea kuvaa. Klabu nyingi za shule na vyuo huanzia mwisho: hufungua kompyuta, huchagua kiolezo kinachometameta, kisha humwaga makala ndani yake. Matokeo yake ni taarabu iliyovalishwa kama tangazo la vocha. Makala haya yanashauri njia nyingine: muziki kwanza, ukurasa baadaye.

Chagueni muziki mmoja na msomaji mmoja

Mhariri wa klabu akiulizwa jarida ni la nani, hupenda kujibu kwamba ni la wote wapendao muziki. Kazi huharibikia hapo. Mpenzi wa singeli na mpenzi wa kwaya wanaweza kukaa dawati moja, lakini hawavutwi na ukurasa mmoja. Toleo lenu liwe na muziki mmoja unaoongoza. Mingine ipewe kurasa za nyuma.

Majarida yaliyovuma yalijibana hivyo. Mwaka 1988, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, David Mays na Jon Shecter, walianzisha The Source kwa ajili ya hip-hop. Lilianza kama karatasi moja tu. Kerrang! la Uingereza, lililotoka mwaka 1981, liliwalenga wapenzi wa roki nzito: jina lenyewe ni mlio wa gitaa lililopigwa kwa nguvu, na herufi zake zimechorwa kana kwamba zina nyufa. Gramophone, lililoanza mwaka 1923, linahudumia muziki wa kiklasiki wa Ulaya. Hata asiyejua Kiingereza hawezi kuyachanganya haya mawili ya mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, andikeni sentensi moja na mwibandike ukutani. Kwa mfano: “Msomaji wetu ni msichana wa kidato cha tatu anayesikiliza bongo fleva kwenye daladala, na anataka kujua wimbo hutengenezwaje studio.” Mkibishana kuhusu rangi au picha, sentensi hiyo ndiyo itakayoamua.

Kila muziki na vazi lake

Taarabu asilia haina haraka. Wimbo ni mrefu, ala ni nyingi, na maneno hupimwa. Ukurasa wake upewe nafasi tupu ya kutosha, herufi zenye vikono kwenye ncha, na nakshi kidogo kama zile za milango ya Unguja na Lamu. Picha nzuri ni za mikono, za ala, au za kikundi kizima kimeketi. Taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho na mipasho, ni jambo jingine: inataka mng’aro, nguo za kumeremeta na kichwa cha habari chenye fumbo.

Dansi hubeba kumbukumbu za santuri. Unapoandika kuhusu Morogoro Jazz, NUTA Jazz au Mlimani Park, kumbuka kwamba bendi hutangulia nyota. Picha kuu iwe ya kundi zima, ikiwezekana wakiwa wamevaa sare na kushika ala zao. Herufi nene za mviringo na rangi za machungwa na kahawia humrudisha msomaji miaka ya 1970. Orodha ya nani anapiga gitaa la solo, nani rithimu, nani besi, si pambo: ndiyo kitu cha kwanza ambacho mpenzi wa dansi hukitafuta.

Bongo fleva huuza uso. Mtu mmoja, macho yakiitazama kamera, nyuma yake pakiwa pasafi, na jina la msanii kwa herufi kubwa nzito zisizo na vikono.

Singeli, iliyokulia Manzese, Tandale na vitongoji vingine vya Dar es Salaam, mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Ukurasa nao uende mbio: picha zipandane, vichwa viinamishwe, aya ziwe fupi, na rangi kali zikae juu ya nyeusi. Picha ya usiku iliyopigwa kwa flashi, vumbi likionekana hewani, inafaa kuliko picha safi ya studio.

Gengetone na rap ya Nairobi tayari zina msanii wao wa herufi: matatu. Michoro ya nganya, yaani matatu zilizorembwa, yenye grafiti, vivuli na majina ya Sheng, ni maktaba ya bure kwa msanifu.

Msiamini maelezo haya bila kuyapima. Kusanyeni majalada kumi ya nyimbo au albamu za muziki mliouchagua, myapange pamoja, kisha mjaze jedwali: rangi gani, herufi za aina gani, uso uko karibu au mbali, macho yanatazama wapi. Kinachojirudia mara saba kati ya kumi ndicho desturi ya muziki huo. Kishikeni. Kisha vunjeni desturi moja, moja tu, kwa makusudi. Mahojiano ya singeli yaliyotulizwa kwenye ukurasa mweupe yatashtua, kwa sababu kurasa nyingine zote zinakimbia. Mkivunja zote, msomaji hatashtuka, ataona fujo tu.

Jalada: pindo, mji na jina

Rudini kwenye kanga. Pindo la jalada ni ukingo mtupu unaozunguka maandishi, msiujaze. Mji ni picha moja kubwa. Jina ni kichwa kikuu cha habari, ule ujumbe unaomfanya mtu anyooshe mkono.

Kinachoongezeka ni jina la jarida lenyewe, na mahali pake ni juu. Majarida yakipangwa rafuni kwa kupandana, sehemu inayobaki ikionekana ni ya juu au ya kushoto. Majarida makongwe hukubali kichwa cha msanii kizibe herufi mbili tatu za jina, maana wasomaji wanalijua hata likifichwa. Nyinyi ni wageni. Toleo la kwanza lionyeshe jina zima.

Vichwa vidogo vya pembeni visizidi vinne, na kila kimoja kiwe na jambo la kushika: si “Habari moto moto”, bali “Tulikaa saa sita studio: hivi ndivyo mdundo unavyopikwa”. Wekeni namba ya toleo, mwezi na bei. Msimbo pau si lazima kwa jarida linalouzwa mlangoni mwa bweni.

Ngoma ivumayo haidumu. Jalada ambalo kila neno linapiga kelele humchosha mtu kabla hajafungua. Pimeni hivi: punguzeni jalada kwenye simu mpaka lilingane na kidole gumba. Vitu viwili tu vinapaswa kubaki vikitambulika, jina la jarida na picha kuu. Visipotambulika, kuna kitu cha kuondoa.

Ukurasa wa ndani na hesabu yake

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Acheni ukingo wa milimita 15 kila upande, zinabaki 180. Mkitaka safu tatu, acheni nafasi ya milimita 6 kati ya safu na safu, na kila safu itakuwa na milimita 56. Kuanzia hapo, kila picha ichukue upana wa safu moja, mbili au tatu, isiwe safu moja na robo. Nidhamu hiyo peke yake hutenganisha jarida na tangazo la ubao wa matangazo.

Safu tatu zinafaa makala ndefu, na nne zinafaa habari fupi na uhakiki wa nyimbo. Kwenye A5, mbili zinatosha. Maandishi ya kawaida yawe kati ya pointi 9 na 11. Jarida zima litumie familia mbili tu za herufi: moja ya vichwa, inayobeba tabia ya muziki, na moja ya kusomea, isiyojionyesha.

Makala moja, mavazi mawili

Tuseme mna makala ya maneno 600 kuhusu mpiga ganuni. Ukurasa wa kushoto wote uwe picha: mikono yake miwili juu ya nyuzi, zile pete zilizoshika vipande vya kuchopolea zikionekana wazi kwenye vidole vya shahada. Pigeni picha hiyo kwa pembe ambayo nyuzi zinaelekea kulia, ili mistari yake imwongoze msomaji mpaka kwenye kichwa cha habari kilicho ukurasa wa pili. Chini ya kichwa wekeni dokezo la sentensi mbili. Kisha safu tatu, herufi ya kwanza ikiwa kubwa na kushuka mistari mitatu. Katikati wekeni nukuu moja ya msanii kwa herufi kubwa, na chini kisanduku chenye maneno 60 kinachoeleza ganuni ni ala gani.

Sasa mtu awe DJ wa singeli, maneno ni yale yale 600. Picha moja inakuwa sita, zimepandana, moja ikivuka ukingo wa karatasi. Makala inakatwa vipande vitano vyenye vichwa vyake: mashine anazotumia, siku alipoharibikiwa spika, malipo ya shughuli moja. Nukuu zinakuwa tatu. Idadi ya maneno haijabadilika, mwendo umebadilika.

Katika hali zote mbili, msiweke uso wala herufi kwenye mkunjo. Jarida linalobanwa kwa pini katikati lina sehemu moja tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana zimechapwa kwenye karatasi moja: katikati kabisa. Kwenye jarida la kurasa 16, hizo ni ukurasa wa 8 na 9. Picha inayovuka kurasa mbili ipewe nafasi hiyo. Kwingine nusu zake zinaweza kuachana milimita mbili tatu.

Picha na haki za watu

Picha mliyopiga wenyewe kwa simu ni bora kuliko mliyoichukua mtandaoni, ambayo ina mwenyewe. Picha inayojaza ukurasa wa A4 inahitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508 ili ichapwe vizuri. Simu nyingi hufikia hapo, ila picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa; itumeni kama faili.

Msichapishe wimbo mzima bila ruhusa ya mwenye haki. Tanzania ina COSOTA na Kenya ina KECOBO, taasisi za hakimiliki mnazoweza kuziuliza. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 akipigwa picha, ombeni pia idhini ya mzazi au mlezi.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji

Hakikisheni idadi ya kurasa inagawanyika kwa nne, maana karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne. Picha zinazofika ukingoni ziongezwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Rangi za skrini ni za mwanga na za mashine ni za wino, hivyo zile kali hupoa zikichapwa. Ombeni nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote. Kama bajeti yenu ni fotokopi, sanifuni kwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo: maandishi ya njano hupotea kabisa kwenye mashine hiyo. Rangi mnaweza kuipata kwa kuchapa jalada kwenye karatasi ya rangi. Scribus ni programu ya bure inayoweza kazi yote hii. Mtu ambaye hakuandika lolote asome kila jina la msanii kwa sauti, herufi kwa herufi.

Mkimaliza, chukueni ile nakala ya majaribio, mwikunje mara mbili mpaka ibaki robo, na mumwonyeshe mwanafunzi asiye wa klabu. Msimsomee kitu. Muulizeni: huu ni muziki gani? Akijibu sawasawa, lipieni nakala zilizobaki. Akiuliza “hiki ni nini?”, rudini mezani, pindo bado halijakaa.