Niliyofunzwa na Mafundi wa Soweto East

Miaka tisa nimesimamia karakana ya mafunzo hapa Soweto East, Kibera: mabomba, umeme na kuchomelea vyuma. Haya ndiyo yaliyonibadilisha.

1. Wengi huja wakiwa tayari ni mafundi

Nilianza kwa kumfunza kila mtu toka sifuri. Siku moja nikieleza jinsi ya kukata bomba la chuma na kulichonga meno, kijana aliyekaa nyuma akasema kwa upole, "Mwalimu, hii ndiyo kazi inayolisha nyumba yetu tangu nikiwa darasa la saba." Nikampa bomba. Meno aliyochonga yalikuwa safi kuliko yangu.

Ambalo hakulijua ni bomba la plastiki la PPR. Hilo huunganishwa kwa joto la nyuzi 260 hivi, na ukilichoma sekunde chache kupita kiasi, plastiki huyeyukia ndani ikaziba njia ya maji. Nilikuwa nimempangia mwaka mzima, naye alihitaji wiki sita. Nilisikitika nikiwakumbuka waliomtangulia, niliowachosha kwa mambo waliyoyajua hadi wakaacha kuja. Siku hizi anayefika hupewa kazi kwanza, fomu baadaye.

2. Mjengo huuliza karatasi

Julai 2016, familia zilizohamishiwa Lang'ata mwaka 2009 kupisha ujenzi zilianza kukabidhiwa nyumba 822 mpya hapa Soweto East. Tangu hapo hakuna anayehitaji kuhubiriwa kwamba ujenzi ni kazi. Tunauona tukifungua mlango. Lakini kijana wangu wa bomba alikuwa amefanya kazi ya fundi miezi minne kwenye mjengo mmoja jijini akilipwa ujira wa mtu wa mkono, kwa sababu hakuwa na cheti. Tukamsajili kwa mtihani wa ufundi, gredi ya tatu, wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu amejifunzia kazini. Nimeipokea kwa moyo wote. Ninachoomba ni ada ya kupimwa ishuke, maana kwa wengi hapa ni chakula cha siku nyingi.

3. Kibarua hakingoji kengele

Wanafunzi waliokosa masomo ya asubuhi nilikuwa nikiwaita watoro. Kumbe kabla ya mapambazuko walikuwa wameshashika njia ya reli kwa miguu kuelekea Industrial Area, kusimama nje ya mageti ya viwanda wakisaka kibarua. Nikahamishia masomo saa kumi jioni. Utoro ukaisha.

4. Uliza kabla ya kuandika "ameacha"

Wasichana watatu walitoweka kwenye darasa la umeme, nami nikaripoti kwamba somo limewashinda. Nilipomtembelea mmoja wao nyumbani, akaniambia, "Mwalimu, umeme si mgumu. Mtoto ndiye sina wa kumwachia." Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya mashinani, na Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2013 ikaweka viwango vya mafunzo nchi nzima. Nimesoma ripoti nyingi za mfumo huo zinazohesabu mashine na madarasa; mahali pa kumwacha mtoto sijapaona humo. Kwetu, kilichowarudisha wale wasichana ni jirani mmoja, mama mtu mzima, tuliyemlipa awalee watoto wakati wa masomo katika chumba cha pili cha karakana. Wote watatu walimaliza. Natamani kila anayeongoza mafunzo ya ufundi nchini akae siku moja katika chumba hicho.

5. Nauli ni sehemu ya mafunzo

Tulilipa ada ya mtihani, tukanunua vifaa, tukadhani tumemaliza. Asubuhi ya mtihani kijana wa bomba alitoka saa kumi na moja alfajiri, spana ndani ya mfuko wa nailoni, akaandamana na vibarua kwenye reli. Wakadhani naye anaenda kutafuta kazi. Walipotawanyika kwenye mageti ya viwanda, yeye akaendelea peke yake hadi NITA, Commercial Street, akaanza mtihani miguu ikimuuma. Alipita. Sasa nauli ina mstari wake kwenye bajeti yetu.