Vumbi likiingia kwenye mdomo wa drili, linatokea wapi? Jua hili kabla hujauza

Somo la leo ni la wewe unayeuza drili na vifaa vya ufundi kwa WhatsApp, Instagram au Facebook. Hata kama huuzi drili, soma mpaka mwisho, maana oda moja ikirudishwa inaondoka na faida ya oda nyingine.

Duka langu liko Bukoba, wateja wangu wengi wako Muleba. Mzigo unapanda Hiace asubuhi, unapita Kemondo, unapita Muhutwe, mchana fundi anao mkononi. Ukirudi, nauli ya kwenda na ya kurudi inakatwa kwenye faida yangu. Na malalamiko ninayopokea sana si ya mota. Ni ya mdomo wa drili: "Bosi, meno hayafungi." "Biti inacheza." "Imekaza, haifunguki."

Mara nyingi mdomo haujafa. Umejaa vumbi.

MDOMO UNAVYOFANYA KAZI

Mdomo wa drili, wengine wanauita chaki, una meno matatu yanayobana biti. Kila jino limekaa kwenye njia yake iliyolala mshazari, na mgongoni limechongwa kama bolti. Hapo linashikana na nati moja ya duara iliyofichwa ndani. Ukizungusha kola ya nje, nati inazunguka, meno yanasogea mbele kwa pamoja na kukutana katikati. Muundo huu Mmarekani Arthur Irving Jacobs aliusajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1902, na drili nyingi tunazouza leo bado zinafuata wazo hilo.

Sasa shida iko hapa: ili meno yasogee, lazima pawe na nafasi. Penye nafasi, vumbi linapita. Fundi akitoboa dari, mdomo unatazama juu, vumbi linadondokea humo humo. Akiweka kwenye kugonga, mtikisiko unalisukuma ndani mpaka kwenye nati. Kola inakuwa nzito, mwishowe inagoma. Punje ikinasa kati ya jino na biti, biti inakaa upande.

Huku kwetu ndo kabisa. Mawe mengi ya Bukoba na Muleba ni mawe ya mchanga, na punje za mchanga ni ngumu, zinakwangua chuma. Ongeza vumbi la zege, na kwa mafundi mitumbwi unga wa mbao mbichi unaoganda.

WABUNIFU WANALITATUA VIPI?

1. Kulipa vumbi njia ya kutokea. Chukua mdomo wa chuma wa kukaza kwa funguo. Fungua meno mpaka mwisho, utaona mikia yake inachomoza nyuma. Yale matundu matatu ya nyuma ndiyo mlango wa vumbi kutoka. Kumbuka tundu linalotoa linaweza pia kuingiza, ila likiwa nyuma liko mbali na ukuta unaotobolewa. Mdomo wa kukaza kwa mkono ni mwepesi kutumia, lakini mingi imefunikwa na kola ya plastiki mpaka nyuma. Vumbi likishaingia, kutoka ni kazi.

2. Kuondoa meno kabisa na kuziba mlango. Ndiyo njia ya SDS, mfumo ulioletwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1975. Humo hakuna meno matatu wala ile nati. Shina la biti lina mifereji: mingine inazungushwa na drili, mingine inashikwa na gololi ili biti isichomoke. Mbele kuna kofia ya mpira inayozuia vumbi. Mpira ukichanika, ubadilishwe mara moja.

UNAPOCHAGUA MZIGO

Kwa muuzaji wa jumla usiangalie boksi tu. Fungua na funga mdomo mara kadhaa, usikie kama unateleza sawasawa. Tazama nyuma: kuna pa kutokea vumbi, au pamezibwa? Kama ni SDS, bonyeza ule mpira uone kama ni mzima. Kisha jiulize mteja wako anatoboa nini. Fundi seremala na fundi wa zege hawastahili drili moja.

POSTI YAKO ISEME UKWELI

Badala ya "drili kali, bei poa", andika hivi: "Drili ya mdomo wa funguo, inafaa mbao, chuma na ukuta. Mdomo unasafishika kwa brashi." Na kwa SDS: "Ya kutoboa zege na mawe. Inatumia biti za SDS Plus, shina milimita 10. Biti za kawaida hazikai." Ile sentensi ya mwisho inakuokoa na mteja anayefungua mzigo Muleba halafu anakuta biti zake zote haziingii.

MTEJA AKISEMA MDOMO UMEKUFA

Usikimbilie kubishana, wala kumwambia arudishe. Muulize: "Fundi, ulikuwa unatoboa wapi?" Juzi mmoja alinijibu, "Dari, bosi, siku tatu mfululizo." Nikampigia simu ya video, tukafanya hivi:

- Chomoa plagi au toa betri kwanza.
- Fungua meno mpaka mwisho.
- Elekeza mdomo chini, gonga ubavuni taratibu kwa kipande cha mbao. Usigonge kwa nyundo.
- Sugua kati ya meno kwa mswaki mkavu. Pampu ya baiskeli inasaidia kupuliza, lakini linda macho.
- Funga, fungua, gonga tena, mpaka vumbi liishe.
- Usimwage oili. Oili na vumbi vinakuwa tope. SDS ndiyo inataka grisi kidogo, kwenye shina la biti.

Lilitoka vumbi la kujaza kifuniko cha soda. Drili ikabana, fundi akarudi kazini, mzigo haukupanda gari. Nikamwambia na hii: ukitoboa dari, chukua kikombe cha plastiki cha mtindi, toboa kitako, pitisha biti. Vumbi linaishia kwenye kikombe.

Kama baada ya hapo bado haibani, au meno yamelika, basi mdomo ni mbovu kweli. Hapo timiza ahadi yako ya kubadilisha, tena bila maneno mengi.

Wiki hii rekodi video ya dakika moja ya kusafisha mdomo, na umtumie kila mteja anayenunua drili, kabla hajalalamika. Kazi njema, na umtumie somo hili mwenzako anayeuza vifaa.