TAFUTA NJIA, KISHA MTEGEMEE MWENYEZI MUNGU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.



Mtu akipatwa na tatizo hushika njia ya kwanza inayomjia, na mara nyingi ni ile aliyoizoea. Baba yake alifanya hivyo, jirani anafanya hivyo, naye anafanya hivyo. Ikimshinda husema: ni kadari. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, hilo halina ubishi. Swali la leo ni hili: kabla ya kusema hivyo, je, tulitafuta njia nyingine?

1. SAYYIDNA UMAR NA TAUNI

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akiwa Khalifa, alisafiri kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, majemadari wakiongozwa na Abu Ubayda (R.A.) walimjulisha kwamba huko mbele kuna tauni. Je, aendelee au arudi?

Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Akawaita Answari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wote wakasema neno moja: warudishe watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari Yake. Akampigia mfano wa mchungaji aliyefika na ngamia kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu: popote atakapowalisha, ni kwa kadari.

Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo barazani. Yeye ndiye aliyekuwa na Hadithi: ukisikia tauni iko katika nchi usiiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mola.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, uliza zaidi ya kundi moja. Pili, watu wakihitilafiana usikasirike, endelea kuuliza. Tatu, huenda mwenye elimu unayoihitaji ni yule ambaye hayupo kikaoni.

2. NJIA YA MGENI

Mwaka wa 5 Hijria makabila yalikusanyika kuishambulia Madina. Salman Al-Farisi (R.A.) alitoa shauri la kuchimba handaki, jambo lililojulikana kwao Uajemi na ambalo Waarabu hawakulizoea vitani. Mtume (S.A.W.) hakusema hii si desturi yetu. Aliikubali, akachimba kwa mikono yake, na mji ukasalimika.

3. KWETU UVIRA

Kolera tunaijua sana. Ikiingia, kila mtu hutazama mikono na chakula cha nyumbani kwake, na ni sawa, kwani usafi ni katika imani. Lakini wako wataalamu waliofanya jambo jingine. Walichukua hesabu mbili za miaka ya 2009 hadi 2014: maji yaliyotolewa na REGIDESO kila siku, na wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kolera hapa Uvira. Wakaziweka pamoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: baada ya siku isiyo na maji ya robine, wagonjwa wa siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida.

Tazameni, ndugu. Hesabu zote mbili zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzilinganisha. Hivyo ndivyo njia mpya inavyopatikana: kwa kuhesabu na kulinganisha, si kwa kubahatisha.

Basi siku robine inapokauka, hiyo ndiyo siku ya kuchukua hadhari, usingoje mtoto aanze kutapika. Pima njia zako mapema. Kuchemsha maji kunafaa, lakini kunataka makaa. Klorini haitaki moto, lakini inataka kipimo sahihi na kungoja nusu saa. Akiba ya maji safi katika bidoni iliyofungwa inasaidia ikiwa uliiweka kabla. Na mgonjwa akianza kuharisha, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na apelekwe kituoni saa hiyo hiyo.

Vivyo hivyo mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi, ukabomoa nyumba maelfu na kuharibu mitambo ya maji. Wapo waliojenga tena palepale, na maskini hatumlaumu, kiwanja chake ni hicho. Lakini majirani wanaweza kukaa shura: usiku wa mvua kubwa nani atagonga milango? Wazee na watoto watalala wapi? Shauri hilo halihitaji pesa, linahitaji kikao, na kina mama waitwe, kwa kuwa wao ndio wanaochota maji.

4. UTARATIBU WA MUISLAMU

Lijue tatizo lenyewe. Uliza wenye elimu na wenye uzoefu. Usisimame kwenye njia moja, zipate mbili au tatu, uzipime kwa faida na madhara. Swali rakaa mbili za Istikhara. Tenda, kisha mtegemee Mola wako. Baadaye tazama matokeo, na kama njia haikufaa, ibadilishe.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia bila kumfunga na kutegemea. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Imepokewa na Tirmidhi. Anayeacha kumfunga ngamia asiite uvivu wake tawakkul.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe njia iliyo bora, utuwezeshe kuifuata, na uwarehemu waliotangulia kwa maji na kwa maradhi. Amin.

Tafadhali usisome karatasi hii khutba ikiendelea, wala usiitupe ovyo, ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukimaliza mpe jirani.