Mwizi Anayeziba Mdomo wa Mwenye Nyumba

Leo tuanze na jambo la kila nyumba. Mtoto wa shule anarudi na kamasi kidogo, anacheza vizuri, hata chakula hakatai. Siku chache baadaye mdogo wake wa miezi mitatu anapumua kwa shida. Tunaulizana, ugonjwa huu umetoka wapi?

Mara nyingi ni virusi vinavyoitwa RSV. Virusi hivi huingia katika seli za pua na kifua, yaani vile vijumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa navyo. Kwa kawaida seli ikivamiwa hupiga mayowe, kama sisi tukivamiwa na wezi usiku. Mayowe yake ni kitu kinachoitwa intaferoni, ambacho Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikigundua London mwaka wa 1957. Seli jirani zikisikia, zinafunga milango. Kinga hii huanza kwa saa chache tu, hata kama mwili haujawahi kumwona adui huyo.

Lakini RSV ni mwizi mjanja. Akishaingia, kati ya vitu vya kwanza anavyotengeneza ni protini mbili, NS1 na NS2. Hizo zinamziba mwenye nyumba mdomo. Tena zinamziba na masikio: hata jirani akipiga mayowe, seli hiyo haiitikii. Basi virusi vinazaana kimya kimya. Mtu mzima huvitoa kwa siku chache, lakini mtoto mchanga anaweza kuvitoa hadi wiki 4.

Huko Kilifi, mwaka wa 2009 na 2010, watafiti walipima pua za watu wa nyumba nzima nzima kwa miezi 6. Kumbe aliyempelekea mtoto mchanga virusi mara nyingi alikuwa kaka au dada anayesoma shule, na watu wengi walikuwa navyo bila dalili yoyote! Kwa hiyo tusingoje kusikia kikohozi. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na mwenye mafua asimbusu.

Zile kapsuli za dukani haziui virusi, ni pesa kutupwa. Afadhali tujifunze kuhesabu pumzi, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika moja kamili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka, 50. Mwaka hadi miaka 5, 40. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Ya kujadiliana kikundini: Nani kati yetu ana saa yenye mshale wa sekunde? Na gari la usiku, tutalipata kwa nani, kwa pesa gani?